Treni ya Minembwe

Ng'ombe hapandi wagoni moja na abiria. Casimir alilisema hilo mara tatu Jumapili ile, na mara ya tatu aligonga meza mpaka stesheni ya Fizi ikalala ubavu.

“Mi nawaambia, kwa reli ya kweli ng'ombe iko na wagoni yake,” alisema huku akiisimamisha stesheni, kiboksi cha dawa ya meno kilichopakwa rangi nyekundu. “Iko na wagoni yake, iko na muchungaji wake, iko na tiketi yake. Miaka makumi tatu na moja nimefanya Kalemie, sijaona hata siku moja ng'ombe anakaa karibu na bamama.”

“Tiketi ya ng'ombe!” Bonaventure, fundi wa radio, alicheka mpaka akashika mbavu. “Na kama ng'ombe anashuka bila tiketi, unamufunga?”

Nsengimana hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meza, jicho moja amelifumba, akipima kama daraja lake limenyooka. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, muuza maziwa wa pale sokoni, na madaraja yote saba ya reli ile yalitoka mikononi mwake.

“Shefu,” alisema bila kugeuka, “ng'ombe wa kwetu akikaa safari muzima peke yake gizani, atakunyima maziwa siku tatu. Wewe ni mutu wa chuma. Ng'ombe, uniachie mimi.”

“Basi tuweke muchungaji ndani.”

“Muchungaji na mubwa yake.”

“Mubwa hapana!”

Wakaanza upya na mbwa. Ndivyo zilivyokuwa Jumapili zao, mwaka hadi mwaka, katika nyumba ya Casimir kule Baraka. Wazee watatu wenye mvi, wametoka kanisani, kila mmoja kanisani kwake, wanagombana kuhusu mbwa aliyetengenezwa kwa nta ya mshumaa. Émilienne, mke wa Casimir, Mama Divine kwa jina la mtoto wao, aliwaletea chai na kupita kwa ubavu, maana sebule yote ilikuwa imeliwa na meza. Wageni wa nyumba hiyo walikula uani. Askofu mwenyewe angekuja, angekula uani.

Na meza yenyewe, bwana we, ilikuwa ya kuangaliwa. Vilima vilitengenezwa kwa mifuko ya saruji iliyolowekwa ikakandwa na uji wa muhogo. Reli zilikuwa mbavu za miavuli iliyokufa. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la sardini, na tumboni mwake Bonaventure alitia mota ya radio ya kaseti, ikala moto wa betri ya pikipiki. Njia ilianza Baraka kando ya ziwa, ikapita Fizi, kisha ikaanza kupanda, ikajikunja, ikavuka mabonde kwa madaraja saba mpaka juu kabisa, kwenye kibanda cha mbao kilichoandikwa MINEMBWE.

Njia hiyo haipo duniani, na haijawahi kuwapo. Ni Nsengimana aliyeiomba. Yeye alizaliwa huko juu, na mama yake alifia njiani, akishushwa kwa kipoyi mabegani mwa wanaume wanne, siku ya pili ya mwendo, kabla hawajaliona ziwa. Treni ya kweli hakuwahi kuiona kwa macho yake. Alipofika mara ya kwanza kwa Casimir kuleta maziwa, akaona reli inazunguka mezani bila kwenda popote, aliuliza swali moja tu: “Na huku juu, haipande?” Casimir akamjibu kwamba mlima ule ni mkali mno, treni haiwezi. Wakabishana mwaka mzima. Siku treni ilipofika juu kwa mara ya kwanza, ikisukumwa kidogo kwa kidole, Nsengimana alitoka nje akakaa peke yake uani, na Casimir hakumfuata kwa sababu alijua.

Sasa, kulikuwa na sheria. Treni ikishaondoka, hakuna kucheza. Casimir alivaa kofia yake ya zamani ya reli, akafungua rejista, daftari kubwa jeusi, na kila safari ikaandikwa kama alivyoandika Kalemie miaka yote ile, kwa mwandiko wake wa kusimama wima aliofundishwa na Mabruda, mwandiko ambao mabosi wa reli walikuwa wakiusifu mbele ya watu. *Treni namba 4. Kutoka Minembwe, kufika Baraka saa tisa na nusu. Abiria 38. Mizigo: magunia 12 ya viazi, madumu 20 ya maziwa, ng'ombe 6. Imefika salama.* Chini yake mashinisti, yaani dereva wa treni wa siku hiyo, alitia sahihi. Bonaventure alipokuwa mashinisti alichora kitu kama kuku amekimbia kwenye majivu. Nsengimana aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akapuliza wino ukauke.

“Kwa gare hakuna politike,” Casimir alipenda kusema, yaani siasa ibaki nje ya stesheni. Na kweli, mezani pale hawakuwahi kuongea vita hata siku moja. Lakini vita haviombi ruhusa ya shefu wa gare. Wiki zile habari za huko juu zilikuwa zinashuka kila siku na zote mbaya, na mji ukaanza kuwaangalia watu wa juu kama kwamba kila mmoja amebeba bunduki chini ya koti. Sokoni wateja wa Nsengimana walipungua. Émilienne aliendelea kununua maziwa yake, hilo tusimnyime, ila alimwomba ayapitishe mlango wa nyuma. Nsengimana aliitika, “Ndiyo, Mama Divine,” akaanza kupita nyuma. Casimir aliona, akajifanya hakuona. Aliona haya, lakini haya haikumfungulia mtu mlango wa mbele.

*

Jumanne Willy alibisha hodi. Willy alikuwa mkubwa wa komite ya usalama ya mtaa, kijana wa miaka arobaini aliyemjua Casimir tangu utoto wake, na alifuatana na vijana wawili waliokuwa na redio za mkononi.

“Papa Casimir, batu banasema kwako kuna waya mingi.”

Mtu mwingine angeogopa. Casimir, Mungu amsamehe, alifurahi! Miaka yote ile hakuna mtu wa mtaa aliyewahi kuja kuangalia treni yake ila kwa kucheka mlangoni. Alivaa kofia. Aliwavutia viti. Alimwita Émilienne alete chai, Émilienne akaja nayo amesahau sukari kwa woga, na Casimir hata hilo hakuliona.

“Hapa njo Baraka. Hapa Fizi. Hapa inaanza kupanda, uone, haipande moja kwa moja, inarudi nyuma, inapanda, inarudi nyuma.”

“Na hii juu ni wapi?” aliuliza Willy.

“Soma! Minembwe!”

Vijana wale wakaangaliana.

“Na haya madaraja, nani alifanya?”

“Nsengimana. We, hakuna mutu kama huyo! Hajaona daraja ya treni kwa macho yake, lakini nimemuelezea kwa mudomo tu, na uangalie hesabu yake.” Akaligonga daraja kwa kucha. “Unaweza kusimama juu.”

Willy aliangalia, akanywa chai kidogo. Kisha akaliona daftari. Casimir hakungoja kuulizwa. Alilifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ukurasa mzima, treni kwa treni, abiria kwa abiria, akinyoosha kidole kwenye kila sahihi ya Nsengimana na kuisifu. Mdomo uliponza kichwa, walisema wazee, ila siku hiyo mdomo wa mmoja ulikuwa unaponza kichwa cha mwingine.

“Niazime hii, papa,” alisema Willy taratibu. “Nitarudisha.”

Walipoondoka, Casimir alisugua mikono. “Amependa. Umeona? Amebeba mpaka rejista.”

Émilienne alikaa kwenye kiti alichokaa Willy. “Papa Divine,” alisema. “Umemupa kitabu yenye majina?”

“Ni rejista ya treni.”

“Treni gani?”

Ndipo Casimir akavua kofia.

*

Kesho yake asubuhi walimchukua Nsengimana sokoni, na maziwa yake yakabaki mezani mpaka yakaganda. Bonaventure ndiye aliyeleta habari. Hakuingia ndani. Alisimama uani, anaongea kwa kunong'ona, macho kwenye uzio.

“Bamesema analeta batu kutoka juu. Bako na kitabu.”

“Twende wote wawili,” Casimir alisema. “Wewe ni fundi wa mota, utabaeleza.”

Bonaventure aliangalia miguu yake. “Kaka, mi iko na batoto sita.”

“Na sahihi yako iko ndani vilevile.”

“Sahihi yangu haisomeki,” alisema Bonaventure, na akaondoka kabla hajaona sura ya mwenzake.

Kwa hiyo Casimir alikwenda na Émilienne. Biroo, ofisi ya komite, ilikuwa chumba kimoja chenye meza na dirisha, na dirishani watu walikuwa wamejaa. Nsengimana alikaa chini, sakafuni, bila viatu. Alikuwa mtu wa kuvaa soksi safi kila siku, na sasa soksi moja ilikuwa na tundu, na Casimir akaona jinsi alivyoukunja mguu ule chini ya mwingine ili tundu lisionekane. Nyuma ya meza alikaa afisa mmoja mgeni. Willy alisimama pembeni.

Afisa alisoma kwa sauti. “Abiria makumi tatu na nane. Wametoka Minembwe, wamefika Baraka. Imefika salama.” Alimwangalia Casimir. “Muzee, hao batu makumi tatu na nane bamelala kwa nani?”

“Hakuna batu, mukubwa. Ni treni ya mezani. Ni kopo ya sardini.”

Dirishani wakacheka. Afisa hakucheka. “Mutu muzima anaandika mchezo kwa rejista? Na saa? Na sahihi?”

“Ni... ni desturi ya reli, mukubwa. Treni haitembei bila kuandikwa.”

“Fizi kuna reli?”

“Hapana.”

“Minembwe kuna reli?”

“Hapana, mukubwa.”

“Basi ng'ombe sita walishuka na nini?”

Wakatuma kijana akalete hiyo treni. Alirudi nayo mkononi, kopo na wagoni mbili, amezing'oa hovyo na waya zinaning'inia. Bila betri haikwenda. Basi Casimir, mwenye miaka sabini na mbili, shefu wa gare wa zamani, alipiga magoti sakafuni mbele ya watu akaisukuma kwa mkono. “Inapanda hivi,” alisema, “halafu inarudi nyuma hivi.” Mtu mmoja dirishani akapiga honi kwa mdomo, tuut tuut, na chumba kizima kikaangua kicheko, na Émilienne pale mlangoni akajifunika uso kwa kitenge. Casimir aliendelea kusukuma. Aliona kicheko kile ni kizuri. Wacheke. Mtu anayechekwa hauawi.

Na kweli afisa alianza kulegea. Alivua miwani, akafuta macho. “Sawa. Tuseme ni mchezo wa bazee. Nani aliingiza Minembwe ndani ya mchezo? Nani aliandika haya?”

Kicheko kikakatika. Nyuma ya Casimir, dirishani, sauti ya mwanamume ikasema polepole, kama mtu anayeuliza njia: “Nyumba ya huyu muzee si ile ya avenue ya chini, yenye jiko ya nyasi? Nyasi inawaka vizuri.”

Casimir alifungua mdomo. Nsengimana akamtangulia.

“Ni mimi, mukubwa.” Aliongea akiangalia meza, si Casimir. “Huyu muzee si mutu wangu. Namuuzia maziwa, basi. Niliomba nafasi kwa meza yake. Niliandika vitu yangu, yeye hajui niliandika nini. Hajui kusoma.”

Willy, ambaye jana tu alimsikia Casimir akisoma ukurasa mzima kwa miwani, aliangalia dari.

“Ni kweli, muzee?” afisa aliuliza. “Huyu si rafiki yako?”

Ilikuwa rahisi. Casimir alijua jibu; alikuwa nalo kooni. Angesema: mwandiko ni wangu, niletee kalamu uone. Aliwaza kalamu. Kisha aliwaza jiko la nyasi, na Émilienne anayelala karibu na ukuta wa jiko hilo, na goti lake bovu lisilokimbia. Alimwangalia Nsengimana amsaidie, kama alivyomwangalia kila mara hesabu ya daraja ilipomshinda. Nsengimana hakuinua macho.

“Ananiuzia maziwa,” Casimir alisema.

“Hujui kusoma?”

“Macho... Hapana, mukubwa. Sijui.”

“Basi tia dole hapa.”

Wakamsogezea karatasi iliyosema hamjui mtu huyu ila kwa biashara ya maziwa. Casimir aliisoma yote kabla hajakumbuka kwamba hajui kusoma, akashusha macho haraka. Kijana akamshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino wa zambarau, akakibandika kwenye karatasi, kwa upole, jinsi anavyofanyiwa mtu asiyewahi kushika kalamu maishani mwake.

Nsengimana hakupigwa, tumshukuru Mungu kwa hilo. Aliamriwa aondoke Baraka, yeye na mke wake Nyirabahire, kwa boti ya Ijumaa iendayo Kalemie, na vijana wawili wamlinde mpaka siku hiyo asizungumze na mtu.

*

Alhamisi Émilienne alimwosha kidole kwa sabuni na mchanga. Wino ulikuwa umeingia kwenye mikunjo.

“Ulifanya kwa sababu yetu,” alisema.

“Usiniambie hivyo.”

“Nyumba ingeungua, Papa Divine.”

“Nimesema usiniambie!” Aliunyakua mkono wake, maji yakamwagika. Miaka arobaini na minne ya ndoa na hakuwahi kumpigia Émilienne kelele namna ile.

Mchana alikuja Bonaventure, safari hii mpaka ndani. Hakukaa. Alitoa bisibisi mfukoni, akalifungua kopo la sardini ambalo Casimir alirudi nalo, akachukua mota yake.

“Iko na mutu anaihitaji kwa radio,” alisema.

“Chukua.”

“Haiko kwa ubaya, kaka.”

“Nimesema chukua.” Kisha Casimir akamshika mkono. “Bonaventure. Hajui mutu yeyote kule Kalemie. Hata mumoja. Watashuka pale bandarini na mizigo, watalala wapi? Kuna mama Félicité, mujane wa Florentin, tulifanya naye kazi. Iko na chumba nyuma ya gare. Nikiandika jina yake kwa karatasi, utamupelekea?”

Bonaventure aliifunga mota ndani ya kitambaa, akakikunja tena na tena ingawa kilikuwa tayari kimekunjwa. “Wewe umetia dole kwamba humujui,” alisema mwishowe. “Mimi bado hawajaniuliza. Kaka, unataka baniulize?”

Casimir akamwachilia mkono. Waliagana vizuri, walipeana salamu za nyumbani. Baada ya hapo Bonaventure hakukanyaga tena mlango ule, na Casimir hakumlaumu, kwa maana angemlaumu kwa mdomo gani?

Aliketi akaandika karatasi mwenyewe. *Mama Félicité, nyuma ya gare, nyumba yenye mlango wa bluu. Mwambie umetoka kwa Casimir.* Aliandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima, na alipomaliza aliona ni mwandiko uleule wa rejista, mtu yeyote akiuona atajua. Akaichana. Akaandika tena kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku, na akaona uchungu kuliko alivyoona kwenye wino.

*

Ijumaa boti ilikuwa imejaa tangu alfajiri: magunia ya visamaki vya ndagala, mafuta ya mawese, bamama na vifurushi, kuku. Casimir alifika jua limeshatoka. Karatasi ilikuwa kiganjani, imeshalowa jasho.

Walikuwa wameketi nyuma, kwenye ubao wa mwisho. Nsengimana alivaa koti lake la kanisani. Nyirabahire alikuwa amepakata godoro lililokunjwa. Mwanamke huyu alikuwa amepika ugali mara ngapi jikoni kwa Émilienne, wakicheka mpaka machozi kuhusu wazee wao na vitreni vyao? Vijana wawili wa komite walisimama ufukoni hatua chache, mmoja anakula karanga.

Casimir aliingia majini mpaka magotini, na viatu vyake.

“Nsengimana,” aliita.

Nsengimana aligeuka. Kwa nukta moja sura yake ilifunguka yote, ikawa ile sura ya Jumapili, ya mtu anayetaka kusema jambo kuhusu ng'ombe. Kisha akamwona kijana wa karanga amegeuka naye anaangalia. Sura ikafungwa.

“Muzee, unatafuta nani?” aliuliza kwa sauti kubwa.

“Nilitaka... Kalemie kuna...”

“Mi sikujui, muzee.”

Alisema hivyo, mbele ya boti nzima, na alisema vizuri, bila kutikisika. Nyirabahire aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa godoro. Casimir alibaki amesimama majini, mkono umenyooka nusu. Alijua Nsengimana anamlinda. Alijua kabisa. Akikubali karatasi ile, dole la Casimir linakuwa uongo, na wote wawili wanarudishwa sakafuni. Alijua hayo yote, na bado neno lile lilimwingia kama lilivyo. Maana nani angemwambia kwamba halikuwa pia kweli? Mtu uliyekula naye miaka kumi na moja, ukamwacha aketi chini bila viatu na kujibu peke yake, kwa nini aseme anakujua?

“Muzee,” aliita kijana wa karanga, “unamujua huyu?”

“Hapana,” Casimir alisema. “Nilimufananisha.”

“Basi utoke kwa maji, boti inaenda.”

Alitoka. Injini ikakohoa, ikashika. Hakugeuka kuangalia. Alitembea na viatu vyake vinavyolia maji, akapita wauza mkaa, akapita wauza sabuni, na alikuwa amekwisha fika katikati ya soko, mbele ya meza tupu ya maziwa, wazo lilipomjia. Angeweza kusema kwa sauti! Kwa mtu mwingine yeyote. Angemwambia mama yeyote mle botini: mama, ukifika Kalemie unisalimie Félicité, nyuma ya gare, mlango wa bluu, ni mtu mwema, anapokea wageni. Nsengimana angesikia. Hakuna ambaye angejua lolote. Jambo dogo namna hiyo, mtoto angeliwaza, na yeye alisimama pale ameshika karatasi.

“Mawe, mama wee!” alisema, akaanza kukimbia.

Alikimbia kama wanavyokimbia wazee, mikono mingi na mwendo kidogo. Watu walimpisha wakidhani ameibiwa. Alipofika ufukoni vijana walikuwa wameshaondoka, na boti ilikuwa mbali, nyeusi, haina tena watu wa kutofautisha, wala injini yake haikusikika. Hata hivyo alisimama pale maji yanapoishia, akaweka mikono mdomoni.

“Félicité!” alipaaza sauti. “Nyuma ya gare! Mlango wa bluu! Umwambie umetoka kwa Casimir!”

Alirudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka sauti ikamkauka.

Mama mmoja aliyekuwa akitandaza ndagala kwenye mchanga aliinuka, akashika kiuno. Aliangalia ziwa, hakuona mtu. Akamwangalia yule mzee aliyelowa mpaka mapajani.

“Papa,” aliuliza kwa upole, “uko nasema na nani?”

“Na rafiki yangu,” Casimir alisema.

Mama aliangalia tena majini, muda mrefu kidogo, kwa heshima. Kisha akainama akaendelea kutandaza ndagala zake.